Mwacheni Mama Gizani

Sebuleni kwa binti yangu, Tabata, kuna picha kubwa iliyotiwa fremu ya rangi ya dhahabu. Inamwonyesha mwanamke aliyejifunga kanga, ameinama mbele ya karai la mafuta, anatabasamu. Nyuma yake unaonekana mtaa wenye madirisha yanayong'aa. Wageni huisifu sana. Wakiuliza ni nani, wajukuu hujibu kwa majivuno, "Ni mama yake babu." Mimi nikienda pale huchagua kiti kinachoipa picha ile mgongo. Mwanamke huyo wanasema ndiye aliyenizaa, lakini mimi niliyezaliwa naye simtambui.

Picha ya asili niliipiga mwenyewe, Desemba 1983, wakati wa magharibi, katika uchochoro mmoja wa Kariakoo usio mbali na soko kuu. Mwaka juzi mjukuu wangu, kijana mwema asiye na hila, aliichukua kwenye albamu yangu bila kuniambia, akaipitisha katika programu ya simu inayosifiwa kwamba hufufua picha za zamani, akaipeleka kuchapishwa kwa ukubwa, kisha akaniletea sikukuu ya Idi kama zawadi. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, maana sikujua la kufanya.

Programu ile ilifanya kama ilivyotumwa. Ilikuta giza, ikalihesabu kuwa ni ugonjwa, ikalitibu. Mama yangu alikuwa na pengo la jino la mbele tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Programu imempa meno yote. Katika picha yangu hakutabasamu hata kidogo, alibana midomo kama mtu anayehesabu, programu imemfurahisha. Mahali palipokuwa na weusi mtupu nyuma yake imejenga ukuta, na ukutani imetoboa madirisha, na ndani ya madirisha imewasha taa. Katika uchochoro ule, mwaka ule, hapakuwa na dirisha hata moja lenye taa.

Naandika haya kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha. Siandiki dhidi ya mjukuu wangu. Naandika dhidi ya mazoea yaliyoingia kila nyumba, ya kudhani kwamba picha ya mji wakati wa usiku ni picha ya mchana iliyoharibika, na kwamba anayeitia mwanga anaitendea wema.

Nieleze kwanza jinsi nilivyoingia katika kazi hii, maana sikuisomea. Nilikuwa mkufunzi wa jiografia katika chuo cha ualimu, kabla sijawa mkuu wa chuo. Mwaka 1979 mwalimu mwenzangu aliyerudi kutoka masomoni Urusi aliniuzia kamera aina ya Zenit E, nzito kama tofali. Mwendo wake wa polepole kuliko yote ulikuwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Ukitaka zaidi ya hapo unaiweka kwenye herufi B, unabonyeza, unashikilia, na unahesabu kwa mdomo wako mwenyewe. Usiku ukiingia, kwa hiyo, kamera ile haikuwa na ushauri wowote wa kukupa. Ulibaki wewe na hesabu yako. Baadaye nilisoma kwamba Brassaï, yule mpiga picha aliyejipatia jina kwa kitabu cha picha za Paris usiku mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuwa akipima muda kwa sigara: sigara ya aina moja ikiisha kwa mahali penye mwanga kidogo, na ya aina nyingine, iliyo nene zaidi, kwa mahali penye giza zito. Mimi sivuti. Nilihesabu moja, mbili, tatu kama darasa la kwanza.

Sehemu ya jiografia yangu ilinifaa hapa. Jua letu sisi tulio karibu na Ikweta haliteremki mshazari kama la nchi za kaskazini, linatumbukia karibu wima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika kumi hivi, na dakika ishirini na chache baadaye usiku umekwisha kuingia. London mwezi Juni ule utusitusi wa jioni huchukua karibu robo tatu ya saa, na giza kamili halifiki kabisa mpaka kunapambazuka. Mpiga picha wa kule ana muda wa kula chakula chake na kurudi. Wa hapa hana. Jua likiwa limezama tu, mbingu ina nguvu mno na taa za mtaani zinaonekana kama zimesahauliwa kuzimwa. Ukichelewa, mbingu imekuwa masizi, na taa zinaelea peke yake bila mji. Katikati kuna dakika tano, pengine nane, ambapo mbingu na kibatari vina nguvu sawa, na paa la nyumba linaonekana likiwa jeusi juu ya buluu. Na dakika hizo hizo ndizo mwadhini anazonadi sala. Picha zangu nyingi zilizo nzuri ni za siku nilizochelewa jamaa, Mungu anisamehe.

Sasa nirudi kwenye uchochoro.

Msomaji aliyezaliwa baadaye huenda hajui mwaka 1983 ulikuwaje kwa mchuuzi mdogo wa Dar es Salaam. Bidhaa zilikuwa adimu. Ulikuwa mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, na ndio mwaka ilipopitishwa sheria ile iliyojulikana mitaani kwa jina la Nguvu Kazi. Mtu asiyeweza kuonyesha kwamba ana kazi inayotambuliwa aliweza kukamatwa na kupelekwa shambani, na wachuuzi wasio na leseni walikuwa miongoni mwa waliosakwa. Mama yangu alikuwa mjane mwenye umri wa miaka hamsini na kitu. Alikaanga samaki na mihogo. Kwa hesabu ya mwaka ule, hiyo haikuwa kazi.

Basi yeye na wenzake sita waliuacha mchana. Walitoka jua likizama, wakakaa mstari mmoja kando ya ukuta, kila mmoja na kibatari chake. Na kila kibatari kilizibwa upande wa barabara kwa kipande cha debe, ili mwanga umwangukie samaki na mteja aliyechuchumaa, usimfikie mpita njia. Vipande vile vya debe walivikata wenyewe na kuvikunja kwa nyundo. Walikuwa na alama zao. Akipita mtu wa kushukiwa, wa kwanza katika mstari alikohoa, na vibatari saba vilizimwa kwa pumzi saba. Nimeshuhudia mara mbili. Unasikia mafuta yakichemka gizani, na hakuna anayesema neno.

Mimi nilikuwa likizo. Nilikwenda na kamera yangu, na mfukoni nilikuwa na flashi niliyoazima kwa rafiki, nikiwa nimejaa ufahari wa mkufunzi. Mama aliiona, akaniambia, "Mwanangu, ukiiwasha radi yako hiyo hapa, utatuuza." Niliirudisha mfukoni. Nikaweka kamera juu ya kreti la soda, nikafungua lenzi yote, nikasubiri mbingu ishuke. Nikamwomba asitikisike. Nikabonyeza, nikahesabu hadi sita.

Uso wake ulitulia. Mkono haukutulia, maana samaki wangeungua. Katika picha mkono wa kulia ni moshi mtupu, una mwanzo na hauna mwisho. Uso umemulikwa kutoka chini na upande mmoja tu: shavu, tundu la pua, kipande cha paji. Upande wa pili haupo. Wenzake ni vidoa vya mwanga vinavyozidi kuwa vidogo. Nyuma ni weusi, na juu ya weusi unaonekana mstari wa paa la soko, yale mabakuli makubwa ya zege yanayofanana na miavuli iliyogeuzwa juu chini, ambayo Beda Amuli aliyabuni yakinge maji ya mvua. (Soko lile lililofunguliwa 1975 liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Usiku ule mji mzima ulitoa simu ukapiga picha, na kwa mara moja hakuna aliyelalamika kwamba mwanga hautoshi.)

Sasa niambie, msomaji: giza katika picha yangu ni kasoro? Giza lile walilifanya wenyewe, kwa nyundo na vipande vya debe. Lilikuwa kazi ya mikono yao kama walivyokuwa wale samaki. Ndilo lililolisha nyumba yetu, na kwa kiasi fulani ndilo lililomnunulia mdogo wangu sare za shule. Halafu inakuja programu, miaka arobaini baadaye, inawawashia taa wanawake saba waliojificha. Mgambo wa 1983 hawakuweza kufanya hivyo. Simu ya mjukuu imeweza, na imewafanya watabasamu wakati wa kukamatwa.

Binti yangu nilimweleza haya yote. Yeye si mjinga, ni muuguzi, na alinijibu jibu ambalo lilinifunga mdomo siku ile. Alisema, "Baba, wewe ulimwona bibi. Mimi nilikuwa na miaka minne alipofariki. Katika picha yako namwona shavu. Katika hii namwona bibi." Nilinyamaza. Kwa muda wa wiki kadhaa nilijiona mzee mchoyo anayewanyima wajukuu uso wa bibi yao kwa sababu ya ukaidi wa sanaa.

Lakini nimelitafakari jibu lile, na silikubali. Anachokiona ni mtu, hilo sibishi. Mtu huyo hakuzaliwa na mtu. Mashine imetazama nyuso nyingi mno za wanawake ikajifunza jinsi uso unavyokuwa kwa kawaida, kisha ikachukua shavu la mama yangu ikalimalizia kwa ukawaida huo. Ule upande wa pili wa uso ni wa wote, kwa hiyo si wa yeyote. Binti yangu ana haki ya kumtamani bibi yake. Mimi pia namtamani. Lakini ukweli ni kwamba tuna shavu, na paji, na mkono wa moshi, na hatuna zaidi. Kumwambia mtoto kwamba tunacho zaidi ni kumfundisha asiulize. Nikiwa hai bado anaweza kuniuliza upande ule wa pili ulikuwaje, nami nikamwambia habari za kovu dogo lililokuwa karibu na sikio, la mafuta ya moto. Kwenye picha ya dhahabu hakuna kovu, kwa hiyo hakuna wa kuuliza. Hajaniuliza hata mmoja tangu ilipotundikwa.

Nitaambiwa kwamba hata sisi wazee tulidanganya. Kweli. Chuoni nilikuwa na stoo niliyoifanya chumba cha kusafishia picha, na nilipochapa picha ile niliizuia mbingu kwa kipande cha kadibodi ili isiwe nyeusi mno. Filamu nayo ina uongo wake. Ukiiachia mwanga kwa sekunde nyingi huchoka, ikataka muda zaidi kuliko kipimo kinavyosema. Na filamu ya rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya jua hugeuza taa za mirija kuwa za kijani, na balbu kuwa rangi ya chungwa ambayo jicho halikuiona. Gari linalopita huwa uzi mwekundu. Huyo Brassaï mwenyewe alizificha taa nyuma ya miti, na wapo marafiki zake aliowasimamisha mbele ya kamera wajifanye wapita njia. Sidai utakatifu. Ninachodai ni kitu kidogo: kila kilichomo katika picha yangu, hata kikiwa kimepinda, kilitoka mahali pale kikaingia kwenye lenzi. Mkono ule wa moshi ni mkono wa mama yangu uliosogea kwa muda wa kuhesabu sita. Madirisha yale ya sebuleni hayakutoka popote.

Wala sizilaani simu zote. Tangu mwaka 2018 hivi simu nyingi zimekuwa na alama ya mwezi au maneno ya usiku. Ukiigusa, simu hupiga picha nyingi mfululizo kwa sekunde chache, huzipanga moja juu ya nyingine, hukuza mwanga, hufuta chembechembe. Ni ufundi wa ajabu, na ningekuwa nao 1983 labda ningeacha kubeba kreti. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna anayeiuliza inatafuta nini. Inatafuta mchana. Ukiipeleka uchochoroni inakurudishia uchochoro wa saa kumi alasiri wenye mbingu ya ajabu. Zipo zinazokwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 mtu mmoja aliufifisha mwezi makusudi kwenye kioo cha kompyuta mpaka ukawa doa lisilo na alama, akaupiga picha kwa simu, na simu ikamrudishia mwezi wenye mabonde yake yote. Ilikuwa inajua mwezi ulivyo. Vivyo hivyo programu ya mjukuu wangu ilikuwa inajua bibi walivyo.

Maradhi haya hayako kwenye simu peke yake. Chukua kalenda yoyote inayogawiwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka, uifunue. Utakuta daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, linang'aa juu ya bahari. Utakuta maghorofa marefu ya mjini yaliyopigwa kutoka ng'ambo, Kigamboni, katika zile dakika nane nilizozitaja, na taa zake zimejirudia majini. Sina chuki na daraja. Ni refu, lina zaidi ya kilomita moja, na taa zake nimezipiga picha mwenyewe. Lakini funua Januari hadi Desemba uniambie kama umeona Mbagala saa 1 usiku, au Manzese, au Buguruni, au Tandika, ambako watu wengi wa mji huu wananunua chakula chao cha usiku kando ya barabara. Katika kalenda mji wetu hukaliwa na taa. Na mwenye kalenda akiamua kwa huruma kuweka ukurasa mmoja wa mama muuza samaki, utaona ameng'arishwa mpaka karai linaonekana jipya.

Kuna na hili la walinzi, nalitaja tu. Nikisimama na kamera yangu juu ya stendi ya miguu mitatu mbele ya jengo lenye taa, mlinzi huja mbio kuniuliza nina kibali cha nani. Vijana ishirini wakisimama hapo hapo na simu, hawaoni. Mzee anayesubiri giza anatisha kuliko kijana anayelifuta.

Mwezi uliopita nilimchukua yule mjukuu, tukaenda Buguruni wakati wa magharibi. Tulimwomba ruhusa mama mmoja anayekaanga pweza; naye akatukubalia, akasema ila tusimzibie wateja. Siku hizi hawatumii kibatari, wana taa nyeupe ya kuchaji iliyotundikwa kwenye mti wa mwavuli. Nilimwambia kijana aizime ile alama ya mwezi. Akaizima. Nikamwambia asubiri. Alisubiri kwa shida, akitazama saa. Mbingu ilipofika pale ninapopataka nikamgusa bega, akapiga.

Akaitazama picha yake, akanionyesha. Kulikuwa na mkono, karai, nusu ya kidevu, na juu yake nyaya za umeme zikikata buluu. Nikamwambia, "Umepata." Akasema, "Babu, mbona haionekani kitu?" Nilipogeuka kumlipa yule mama nilimwona kwa pembe ya jicho akiigusa ile alama ya mwezi na kupiga nyingine, na ndiyo hiyo aliyomtumia dada yake njiani.

Picha ya dhahabu bado iko sebuleni. Nilileta ile yangu ndogo, yenye ukubwa wa kiganja, niliyoichapa mwenyewe 1984, nikaomba ikae chini yake ukutani. Binti yangu alisema haviendani, akaitundika kwenye korido ya kuelekea jikoni. Balbu ya korido imeungua tangu Ramadhani na hakuna aliyeibadilisha. Sijawakumbusha.